Nyumba ya marobota ya nyasi Lubumbashi: marafiki uwaite siku gani?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye lupango (kiwanja) upande wa Annexe, pembezoni mwa mji, ameniandikia hivi:

"Jambo sana, papa. Nina lupango ya mita 20 kwa 25, lakini franga za kununua matofali ya kuchoma sina. Niliona picha za nyumba zilizojengwa kwa marobota ya majani makavu, kisha zikakandikwa udongo, nikapenda sana. Sisi ni wanakwaya 12, tumekubaliana kusaidiana kama likelemba: mwaka huu kwangu, mwaka ujao kwa mwingine. Wote wako tayari kuja siku tatu za Pasaka tusimamishe kuta. Sasa, hapa kwetu hakuna ngano. Majani ya porini yanafaa? Na mchwa je? Mama mkwe wangu anasema nyumba ya majani itawaka siku ya kwanza tutakapowasha mbabula, lile jiko la makaa. Tafadhali utushauri."

Mwanangu, jambo sana. Majani ya porini yanafaa. Mchwa wanazuilika, kwa kazi. Mama mkwe hajakosea, ila amekosea siku: hatari yake iko wakati wa kujenga, si wakati wa kuishi. Ama Pasaka, hapana kabisa.

Nianze na Pasaka, maana hapo ndipo nyumba yako inaweza kufa kabla haijazaliwa. Sikukuu hiyo huangukia kati ya mwisho wa mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa nne. Wakati huo Lubumbashi mvua haijaachilia, na majani yangali na maji shinani hata kama juu yamegeuka rangi. Mji wetu hupata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote humwagika kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne. Baadaye, mwezi wa sita, wa saba na wa nane, mbingu hufungwa kabisa. Mji gani mwingine unakupa miezi mitatu bila tone la mvua, wewe na udongo wako? Nyumba ya marobota imeumbiwa miezi hiyo.

Nikueleze nilivyofunzwa. Nilikuwa najenga stoo ndogo nje ya mji, barabara ya Kipushi. Tulikata majani mwezi wa nne kwa haraka, tukaona yamekauka, tukafunga marobota 40 na kuyafunika kwa turubai. Siku ya tisa nikapenyeza mkono kati ya kamba mbili mpaka kwenye kiwiko. Ndani palikuwa na joto kama la bukari (ugali) iliyofunikwa kwenye sahani. Nilipotoa mkono vidole vilinuka uyoga. Tukakata kamba: katikati majani yalikuwa meusi, yameshikana, na vumbi jeupe la ukungu likaruka hadi puani. Yote 40 yakaenda kuwa mbolea ya bustani. Kumbe turubai lenyewe lilisaidia kuyaozesha, maana lilizuia mvuke usitoke.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni unyevu. Robota linaloingia ukutani lisiwe na maji zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, na mimi napenda lishuke chini ya 15. Huhitaji mashine. Chomoa gramu 500 za majani kutoka katikati ya robota, siyo pembeni. Pima kwenye mizani ya duka, kisha tandaza juani juu ya bati, ukiyageuza, mpaka uzito usipungue tena. Yakipungua gramu 75 au chini ya hapo, jenga. Yakipungua 100, subiri. Pima marobota matano au sita ya siku mbalimbali, si moja tu.

Sasa majani yenyewe. Usijione unyonge kwa kukosa ngano. Ujenzi huu ulianzia Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, katika vilima vya mchanga ambako miti ya kujengea haikuwepo, na mashine za kufunga marobota zilikuwa zimeingia mashambani. Wale wakulima walitumia nyasi za mbuga, nyasi za porini kama zako. Kanisa la marobota lililojengwa katika kijiji cha Arthur mwaka 1928 bado limesimama. Ngano ilikuja baadaye. Huko Montargis, Ufaransa, mhandisi Émile Feuillette alijenga nyumba ya fremu ya mbao iliyojazwa marobota ya mabua mwaka 1920, na leo imepita miaka 100. Marobota yake hayakuoza kwa sababu hayakulowa. Siri nyingine hakuna.

Tafuta yale majani marefu ambayo watu wetu wanaezekea vibanda, yenye bua gumu lenye uwazi ndani. Yakate mwezi wa tano na wa sita, baada ya mbegu kupukutika. Mbegu zikibaki ndani utakuwa umewajengea panya nyumba pamoja na chakula. Usichelewe pia: unajua mwenyewe moto wa porini unavyopita kuanzia mwezi wa saba, na ukishapita huna cha kukata. Mabua ya mahindi achana nayo. Yana sifongo ndani inayonyonya maji na kuhifadhi wadudu. Majani ya maharage na karanga ni chakula cha mbuzi, yanaoza upesi. Ukipata mabua ya mpunga, chukua bila kuuliza mara mbili.

Mashine ya kufunga marobota hutaipata, na haina haja. Mpe seremala kazi ya kutengeneza sanduku la mbao nene, ndani liwe sentimita 90 kwa 45 kwa 35, lenye mlango upande mmoja na mti mrefu wa kukandamiza juu, kama tunavyokandamiza kwa wenzo. Tandika kwanza kamba mbili za nailoni kwenye mifereji iliyochongwa chini ya sanduku. Jaza majani kidogo, kandamiza kwa uzito wa watu wawili, ongeza, kandamiza tena. Anayejaza mara moja na kukandamiza mara moja hupata mto wa kulalia, si tofali. Lishindilie mpaka kamba ikikazwa isipitishe vidole viwili. Robota la vipimo hivyo likiwa na kilo 14 ni zuri. Chini ya kilo 11 lifungue ulianze upya, hata kama aliyelifunga ni mwimbaji wenu wa sauti ya kwanza na atanuna. Nasema nailoni kwa sababu kamba ya katani panya na mchwa wanaipenda.

Hesabu yako ni hii. Chukua nyumba ya mita 6 kwa 8 ikipimwa kwa nje. Mzunguko wa kuta ni mita 28, urefu wa kwenda juu mita 2.4, kwa hiyo mita za mraba 67. Toa 10 za milango na madirisha, zinabaki 57. Robota likilazwa, upana wake wa sentimita 45 ukawa ndio unene wa ukuta, linaziba karibu theluthi moja ya mita ya mraba. Utahitaji 180, funga 200. Hizo ni kilo 2,800 za majani. Watu wanne wenye sanduku moja, wakishazoea, hutoa 25 kwa siku, basi ni siku nane za kufunga peke yake. Angalia pia unene huo unavyokula nafasi: mita zako 48 za mraba za nje zinakuwa kama 36 ndani. Wengi huchora ramani kwa vipimo vya matofali halafu kitanda kinakataa kuingia. Chora kuanzia ndani.

Mchwa wanahitaji nafasi kubwa katika jibu hili, kwa sababu tuko Katanga. Wewe umekua ukiona vichuguu vyetu. Vingine vinafika mita 8 kwenda juu, vikubwa kuliko nyumba unayotaka kujenga. Anayeweza kuinua mlima wa namna hiyo kwa mate yake hashindwi kupanda msingi wako. Robota kwake ni chakula. Asikudanganye mtu kwamba udongo wa kukandika utamzuia: yeye mwenyewe ni fundi wa udongo.

Mchwa wa ardhini anatembea gizani. Hana ngozi ya kuvumilia jua, ndiyo maana akitoka ardhini hujenga kile kimfereji chake cha udongo na kupita ndani yake. Kazi yako ni kumlazimisha ajenge kimfereji hicho mahali utakapokiona. Jenga msingi wa mawe au matofali ya kuchoma kwa sima (saruji), uinuke sentimita 50 juu ya ardhi pande zote. Juu yake, kabla ya mbao yoyote, laza bati bapa lililokunjwa, ukingo wake utokeze sentimita 5 nje na ndani, umeinama kuelekea chini. Pale vipande viwili vinapokutana, kunja na kuunganisha kabisa kwa risasi ya kulehemu. Tundu dogo tu linapitisha mchwa. Nondo za kushikilia fremu zinapopenya bati, ziba kwa lami. Juu ya bati ndipo uweke boriti ya chini, na juu ya boriti ndipo nguzo zisimame. Nguzo hata moja isizame ardhini, hata ya baraza. Watu hupaka mguu wa nguzo oili chafu ya magari halafu wanauzika. Mchwa husubiri miaka miwili oili iishe, kisha wanapanda.

Bati hilo haliui mchwa. Linawafichua tu. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa kwanza mpaka mwisho wa nyumba, kila Jumamosi mtu mmoja azunguke kwa tochi aangalie chini ya ukingo, ndani na nje. Akiona mstari wa udongo, auvunje na kutafuta unakotoka. Ndiyo sababu usipande maua yakagusa ukuta, usiegemeze kuni, usirundike mchanga, usijaze sakafu ya baraza ikafika usawa wa bati. Nyumba moja niliyoikagua mtaa wa Kalebuka ilikuwa imefuata kila kitu, ila mwenyewe aliweka mbao zilizobaki nyuma ya choo, zikaegemea ukuta kwa msimu mmoja. Mchwa walipanda mbao hizo kama ngazi wakavuka bati bila kuligusa.

Kama ndani ya lupango yako kuna kichuguu hai, nyumba iwe mbali nacho. Kama kipo kilichokufa, hiyo ni mali: udongo wake una mfinyanzi mwingi, ndio uleule mafundi wetu wanaofyatulia matofali, na utautaka kwa kukandikia.

Fremu na paa, mwanangu, lipa fundi. Hapa marafiki wasiguse. Nguzo, boriti, mikingamo ya pembeni inayozuia nyumba isiyumbe kwa upepo, mbao za paa, mabati: hiyo ni kazi ya seremala aliyezoea, na ndiko franga zako nyingi zitaenda, pamoja na msingi. Wengine watakuambia marobota yanaweza kubeba paa bila fremu, na kweli wale wa Nebraska walifanya hivyo. Lakini ukuta wa namna hiyo hushuka ukikandamizwa, unasubiri wiki kadhaa kabla ya kukandikwa, na wakati wote huo uko wazi chini ya mbingu. Ukiwa na fremu, paa linatangulia. Robota la kwanza linafika likiwa na kofia juu yake. Paa litokeze angalau sentimita 80 kuvuka ukuta, na upande ambao mvua hupigia, ambao majirani wako wanaujua kuliko mimi, weka baraza ya mita 2. Bomba la maji lisipite ndani ya ukuta wa majani hata siku moja. Bafu na sehemu ya kuoshea vyombo vijengwe kwa matofali.

Sasa nifike kwa wanakwaya wako, ambao ndio utajiri wako.

Ulipoona picha zile ulifikiri kazi ya marafiki ni kusimamisha kuta. Kila mtu hufikiri hivyo, kwa sababu siku ya kuta inapendeza: asubuhi kuna nguzo tupu, jioni kuna nyumba, watu wanapiga picha. Lakini watu 12 watapanga marobota 180 kwa siku mbili, na siku ya tatu watakuwa wanaangaliana. Mzigo uko kwingine. Piga hesabu nami: mita 57 za mraba, pande mbili, unene wa udongo sentimita 5. Hizo ni mita za ujazo 5.7, yaani zaidi ya tani 10 za udongo uliochimbwa, ukachekechwa, ukakanyagwa, ukabebwa na ukabandikwa kwa mkono. Majani ni tani 2.8, udongo tani 10. Unajenga nyumba ya udongo yenye mifupa ya mbao na nyama ya majani. Ukiwachosha marafiki kwenye kuta, utabaki wewe na mke wako na tani hizo 10, mwezi wa tisa, mawingu yakijikusanya.

Kwa hiyo wagawe. Mwezi wa tano mwisho na wa sita, wachache wenye nguvu wakate majani, wengine wafunge. Tarehe 30 ya mwezi wa sita, sikukuu ya uhuru, watu wako nyumbani, ni siku nzuri ya kuanzia kupanga. Ratiba ya kukandika weka mwezi wa saba na wa nane, shule zikiwa zimefungwa, kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya misa. Ruka tarehe 1 ya mwezi wa nane. Asubuhi hiyo kila mtu yuko makaburini akisafisha kaburi la wazazi wake, na anayemwita mtu kwenye udongo siku hiyo amemkosea.

Weka kapita mmoja, yaani msimamizi wa kazi, asiwe wewe. Mwenye nyumba siku ya kazi anaitwa huku na kule, kuna maji yameisha, kuna mgeni amefika, na kuna anayeuliza chumvi. Kapita asiondoke ukutani. Yeye ndiye anashika timazi, anapima kila robota linaloingia, na anasema hapana. Kumwambia rafiki "hili libomoe" ni kazi ngumu, na ni rahisi zaidi akisema mtu ambaye siyo mwenye kulala ndani.

Na daftari lazima liwepo. Wazee wetu wanaikumbuka salongo ya zamani, ile kazi ya pamoja ya kulazimishwa, na mtu mzima akisikia harufu yake mgongo wake unakataa. Likelemba ni kitu kingine: nimekuja kwako siku sita, utakuja kwangu siku sita. Andika jina, tarehe, kazi. Mwenye mgongo mbaya aliyekaa siku nzima akichekecha udongo ameandikwa siku nzima. Mama aliyepika amefanya kazi sawa na aliyekandika, naye ataandikwa. Bukari, sombe, samaki, maji ya kunywa mengi, na munkoyo jioni, weka kwenye bajeti tangu mwanzo kama unavyoweka misumari. Nimeona kwaya nzima ikivunjika moyo kwa sababu ya chakula kilichofika saa tisa.

Upangaji wenyewe ni kama wa matofali: kiungo cha juu kisikae juu ya kiungo cha chini. Robota la nusu hulikati kwa panga. Unalipenyeza kamba mpya kwa sindano ndefu ya chuma, nondo ya milimita 8 iliyopondwa ncha na kutobolewa, unafunga nusu mbili, ndipo unakata kamba za zamani. Pengo lolote lijazwe majani yaliyochovywa kwenye udongo mwepesi mpaka kidole kisipite. Mstari wa mwisho chini ya boriti ya juu uingizwe kwa kubanwa, kwa kabari na nyundo ya mbao. Ukuta ukiusukuma kwa bega usicheze. Kwenye kona za madirisha laza wavu wa kuku au gunia, maana hapo ndipo udongo hupasuka. Chini ya kila dirisha weka kizingiti kilichoinama kuelekea nje na kutokeza. Maji mengi yanayoozesha nyumba hizi hayatoki juu, yanaingia pale chini ya dirisha, taratibu, na hakuna anayeona.

Hapa ndipo mama mkwe ana haki ya kusikilizwa. Siku za kupanga, ardhi yote imejaa majani yaliyotawanyika, na hayo huwaka kama petroli. Mbabula ya kupikia iwe mbali, upande ambao upepo unakokwenda, mita 30 au zaidi. Sigara hakuna. Mwenye kuchomelea chuma amalize kazi yake kabla robota la kwanza halijafika. Mapipa mawili ya maji yasimame tayari, na jioni watu wote wafagie kabla ya kunawa. Ukuta ukishakandikwa, mambo yanageuka: majani yaliyobanwa hayana hewa ya kutosha kulisha moto, na udongo hauungui. Mwaka 2006 huko Marekani waliweka kuta hizi mbele ya moto wa maabara. Ule uliokandikwa udongo ulistahimili saa 1, ule wa lipu ya chokaa na sima saa 2. Mweleze hivyo kwa heshima, kisha mwombe yeye ndiye awe msimamizi wa moto siku za kazi. Mtu anayeogopa moto ndiye anayeuona mapema.

Usiache kuta uchi. Shule moja ya Nebraska, karibu na Bayard, iliyojengwa kwa marobota mnamo 1896 au 1897, inasimuliwa kuwa ililiwa na ng'ombe kwa sababu haikukandikwa. Mbuzi wa Annexe hawatasubiri mwaliko.

Tabaka la kwanza ni udongo mwepesi kama uji mzito, unasuguliwa kwa viganja mpaka uingie kati ya mabua. Fanya kwa mikono mitupu, siyo mwiko. Mkono unahisi pale majani yanapobonyea, mwiko unapita tu. Tabaka la pili ni udongo wa kichuguu kipimo kimoja, mchanga vipimo viwili au vitatu, na majani yaliyokatwakatwa urefu wa kidole kwa wingi. Watoto na sauti za pili waukanyage wakiimba. Udongo uliokanyagwa nusu saa na uliokanyagwa dakika tano si kitu kimoja. Kabla ya hapo paka vipande vitano vya majaribio ukutani, kila kimoja na kipimo chake cha mchanga, viache wiki moja. Kinachopasuka kina mfinyanzi mwingi, kinachopukutika ukikisugua kina mchanga mwingi. Chagua katikati. Acha kila tabaka likauke kabisa, wiki mbili au zaidi, hata kama marafiki wana hamu. Mwisho paka nje maji ya chokaa mara nne au tano, nyembamba. Chokaa sisi Katanga hatuna shida, mawe yake yako Kakontwe pale Likasi. Inaunguza macho na ngozi, basi miwani na glavu, na watoto wasikaribie siku hiyo.

Majirani watakushauri upige lipu ya sima, "iwe nyumba ya kudumu". Kataa kwa upole, lakini kataa. Sima juu ya majani hupasuka mistari midogo usiyoiona. Maji huingia kwenye mistari hiyo, kisha sima inakataa kuyaachia. Udongo na chokaa vinapumua: ukuta ukilowa usiku, mchana unakauka. Nilibandua lipu ya namna hiyo kwenye ukuta wa miaka minne. Nje ilikuwa safi kama sahani, nyuma yake majani yalitoka kwa kijiko.

Karatasi nazo zitangulie msingi. Nenda na hati za lupango ofisi ya urbanisme (mipango miji), chora fremu ya mbao vizuri, na eleza kwamba marobota yanajaza tu kati ya nguzo. Ofisa akisikia "nyumba ya majani" atafikiria kibanda; akiona mchoro wa fremu na msingi wa sentimita 50 mazungumzo yanakuwa mengine.

Pasaka yenyewe usiipoteze, watu wameshaitenga. Waite waje na majembe wakusaidie kusafisha na kuchimba mitaro ya msingi kwa vipimo vya fundi. Leteni chupa tano za plastiki, kila moja weka udongo wa sehemu tofauti ya lupango na maji, tikisa, acha usiku kucha, asubuhi mtaona mchanga umelala chini na mfinyanzi juu, mjue wapi pa kuchimbia wa kukandika. Na mvua ikinyesha mkiwa huko, wengine wajifiche, lakini mmoja asimame na fimbo afuate maji yanapotokea na yanapoelekea, achomeke vijiti njia nzima. Vijiti hivyo viache ardhini mpaka fundi wa msingi aje avione.